Waya Iliyosukwa na Marehemu

6 Septemba 2025, Jumamosi

Leo tumefungua. Hangari ya zamani karibu na reli imefagiwa, meza zimepangwa, na juu ya mlango Kizito ameandika kwa chokaa: LETA KILICHOVUNJIKA.

Mambo yalianza na mvua ya mwaka jana. Mitaro ya mtaa wetu wa Mikelenge, hapa Kindu, iliziba kwa tochi mbovu, viatu vya plastiki, ndoo zilizopasuka na redio zisizosema. Maji yakakosa njia, yakaingia manyumbani. Mimi nilitoa taka za watu nisiowajua, beleshi kwa beleshi, kutoka chumba ninacholala. Ndipo tukaambiana mimi na Soudi: kama watu wangejua kutengeneza, wasingetupa.

Sheria ni moja tu. Huachi kitu na kwenda zako. Unakaa kando ya fundi, unashika bisibisi wewe mwenyewe, unajifunza. Kizito yuko kwenye baiskeli, mimi kwenye mashini ya kushona, Soudi kwenye redio na taa. Soudi huyu sijui nimweleze vipi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na tangu nibaki mjane ndiye anayepanda juu ya paa langu kuziba mabati. Binti yangu Bibiche alijifunza kutembea akishika vidole vyake. Mungu alininyima kaka, kisha akaona huruma akanipa Soudi.

Mama Kavuo, yule wa Butembo mwenye duka kubwa la vyombo, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mama Bibiche, mukitengeneza vyote, mimi nitauzia nani?" Akaenda bila kucheka. Ana roho ngumu mama yule.

13 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Walikuja wachache, na nusu yao walikuja kujikinga tu.

20 Septemba

Hangari imejaa! Binti mmoja alimtengenezea baba yake redio kwa mkono wake, Soudi akimwelekeza kwa maneno tu. Redio ilipolia, baba mtu aliruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Tulicheka mpaka machozi. Nimelala vizuri.

27 Septemba

Nyuzi nyeusi zimeisha. Mvua.

4 Oktoba, Jumamosi

Usiku umekwenda, sijalala. Naandika hivyo hivyo.

Leo alikuja Florentin, mchuuzi wa chumvi na samaki anayepanda na kushuka kati ya Kindu na Kama. Alileta taa ndogo ya plastiki, hizi zinazokula jua mchana. Soudi alikuwa na watu wengi, Florentin akaiweka mezani kwangu akingoja zamu. Mkono wa taa ulikuwa umevunjika siku nyingi na kufungwa kwa waya ya shaba. Niliutazama bila kutazama, kisha nikauona.

Waya ilikuwa imesukwa. Nyuzi nne, zikipishana mbili mbili, na mwisho umegeuzwa ndani upande wa kushoto ili usichome mkono. Huo ni msuko wa nywele, wa kwetu, niliofundishwa na mama. Nilikuwa nikimsuka hivyo mdogo wangu Philomène tulipokuwa wasichana, na Donatien, mfanyakazi wa reli aliyekuja kuwa mume wangu, alikaa akitazama vidole vyangu. Vita vilipofika, treni zikasimama, akaanza kutengeneza masufuria ya watu kwa chakula. Mishiko yote aliifunga kwa msuko ule. Watu walimcheka: Donatien anasuka masufuria. Sijaona mtu mwingine anayefanya hivyo kwa waya, kabla yake wala baada yake.

Donatien alikufa mwaka wa 2002. Taa za namna hii hazikuwepo 2002.

"Nani alikufungia huu mukono?" Nilimwuliza Florentin kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ni muzee mumoja kule Kama, Papa Léon. Fundi wa pampu. Inafaa umusemeshe ku mukono wa kuume, sikio ya kushoto haisikie."

Donatien hakusikia kwa sikio la kushoto tangu utoto wake.

Nilisimama. Mashini ilianguka upande, sikuishika. Nilimpelekea Soudi taa, nikamwonyesha msuko kwa kidole tu. Soudi aliipeleka kwenye mwanga. Uso wake ukawa wa majivu.

"Haiko yeye," akasema. "Shemeji, watu mingi wanasuka waya."

"Sijakuuliza kama ni yeye."

Akaweka bisibisi chini, akasema kichwa kinamuuma, akaenda. Mvua ilikuwa inapiga, na koti lake aliliacha kwenye kiti.

5 Oktoba

Sikwenda kanisani.

8 Oktoba

Nimemwambia Bibiche. Alikuwa anapiga pasi nguo yake nyeupe ya kazi, yeye ni muuguzi kwenye nyumba ya wazazi, maternité, wanakojifungulia akina mama. Hakuinua macho. "Mama, wafu hawatengenezi mataa." Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka nguo ikaungua. Sote wawili tuliitazama ikitoa moshi.

11 Oktoba, Jumamosi

Soudi hakuja. Haijapata kutokea. Nimekaa mbele ya meza yake tupu, na vita vyote vimenirudia. Niviandike nivimalize.

Mwaka ule mji ulizungukwa. Ndani askari, nje wapiganaji wa porini, na sisi katikati kama nyama kati ya meno. Hakuna aliyethubutu kwenda shamba. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, kisha sombe ikaisha, tukala majani ambayo hata mbuzi aliyapita. Bibiche alikuwa bado ananyonya na maziwa yalikuwa yanakauka. Asubuhi moja Donatien na Soudi walivuka mto kwa mtumbwi kutafuta mihogo upande wa Alunguli. Donatien alinifunga kitambaa kichwani yeye mwenyewe, akasema, "Usifunge mlango, nitarudi na mikono imejaa."

Hawakurudi siku ile wala mwezi ule. Mvua zilikuwa zinaisha Soudi alipotokea peke yake, mifupa mitupu, na shati la Donatien mkononi. Alisema walikamatwa na wapiganaji wa porini, wakabebeshwa mizigo, wakatoroka, na mto ulipowachukua yeye alishika mti na Donatien hakushika kitu. Alilia hata majirani wakamshika. Tulifanya kilio juu ya shati. Nililikunja, nikalizika kama mwili.

Wanaume waliokuja kuniuliza baadaye, wazuri kwa wabaya, niliwarudisha wote. Niliwaambia nina mume, yuko majini.

14 Oktoba

Nimepita kwa Soudi. Mkewe anasema amekwenda Kibombo. Viatu vyake vilikuwa mlangoni.

18 Oktoba, Jumamosi

Siku ya mshangao wa aina nyingine. Mama Kavuo aliingia hangarini, akavuta kiti, akakaa mbele yangu kama mteja.

"Nimesikia habari ya taa," akasema. "Lori yangu iko Alunguli, inapandisha sabuni na sukari kule Kama, barabara ikikauka kidogo. Kuko nafasi mbele, karibu na shofa."

Nilimwuliza kwa nini anisaidie mimi ninayemharibia biashara.

"Bwana yangu walimuua karibu na Beni. Watu waliniambia. Sikuona mwili, sikuona hata kiatu." Alikuwa anachezea nyuzi zangu, akizipanga rangi kwa rangi. "Mutu akiniambia leo kuko kiatu yake mahali fulani, ningeenda na miguu."

Siku zote hizi nimekuwa nikimwita roho ngumu. Nilimshika mkono. Akauondoa haraka, akasema nyuzi zangu ni mbaya, atanipa nzuri.

22 Oktoba

Mvua. Lori haliondoki.

23 Oktoba

Mvua.

25 Oktoba

Hangari imefunguliwa bila Soudi. Redio zimekusanyika mezani pake. Kizito ananiuliza aseme nini kwa watu. Sijui.

28 Oktoba

Tumevuka mto. Naandika nimeketi ndani ya lori. Bibiche alikataa kuja, lakini alinipa dawa za malaria na koti lake.

1 Novemba, njiani

Siku za njiani sijaziandika. Tulilala kwenye matope, tulisukuma, tulipita Pangi lori likiinama kama mlevi.

2 Novemba, Kama

Nimemwona.

Niandike polepole. Kibanda cha mbao kando ya njia ya wachimbaji, pampu za maji zimelala kila mahali kama mifugo iliyochoka. Mzee mwenye nywele nyeupe alikuwa ameinama, amemgeuzia mteja sikio la kulia. Ule mwinamo. Ningeujua hata ningekuwa kipofu.

"Donatien," nikasema.

Hakugeuka. Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto. Ilinibidi nimzunguke marehemu wangu, nisimame upande wa pili, nimwite tena.

Koleo lilimponyoka. Hakuuliza mimi ni nani. Hakupiga kelele. Midomo ilicheza kwanza, kisha akasema, "Bibiche iko muzuri? Bado iko ku maternité?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye matope. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mengi njiani. Labda si yeye, labda ni mtu aliyefundishwa naye, labda amepoteza kumbukumbu, labda aliambiwa tumekufa sote. Hili sikulitayarishia moyo.

"Nani alikuambia Bibiche iko ku maternité?"

"Soudi."

"Soudi gani?"

"Soudi yetu," akasema.

Mteja aliondoka bila kuchukua pampu yake. Donatien aliketi mbele yangu, naye matopeni, akaniambia akitazama mikono yake. Hawakutoroka wala kuzama. Soudi alibebeshwa mizigo, yeye kwa kuwa alikuwa na nguvu alipewa bunduki. Kuna siku waliamriwa kuchoma nyumba. "Mulikuwa watu ndani, Eliza. Niko na sikio moja, lakini nilisikia yote." Eliza ndivyo alivyolifupisha Elisabeth, jina langu. Usiku wa baadaye Soudi alipata nafasi ya kukimbia. Donatien alivua shati lake, akampa. "Nilimuambia, mupelekee, umuambie mto ilinikula. Nitamubeba mutoto namna gani na hii mikono?"

"Na baadaye? Vita vilipoisha?"

"Kila mwaka nilisema mwaka huu. Soudi alikuwa ananitumia habari kwa wachuuzi. Alinitumia kusema Bibiche ameanza masomo, amepata diploma. Nilikuwa nasherehekea peke yangu, humu ndani."

Kwenye kamba nyuma ya kibanda zilianikwa nguo za mwanamke na za watoto. Aliona macho yangu yalipokwenda.

"Anaitwa Sikuli. Iko shambani. Yeye ananijua Léon. Haijue kitu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumfuta matope usoni. Sikufanya hata moja. Nilimwambia, "Mimi nilikula majani, Donatien. Nilimnyonyesha mtoto damu. Ungekuja na mikono ile ile ningekupokea." Nikasimama, nikaenda kwenye lori, na shofa, kijana wa watu aliyekuwa akituendesha, akaniuliza kama nimempata niliyemtafuta. Nilimwambia ndiyo, kisha nikafunga mlango wa lori.

10 Novemba, Kindu

Bibiche alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilipofika pale pa kwamba baba yake alijua hata diploma, aliketi. "Kwa hiyo sisi tu ndio tulikuwa gizani," akasema. Hakulia. Afadhali angelia.

12 Novemba

Nimemkuta Soudi nyumbani kwake. Safari hii hakujificha. Alinipa kiti, sikukaa.

"Ulilala katika kilio chetu," nilimwambia. "Ulinishika nisianguke."

"Ndiyo."

"Ulinitazama nikizika shati."

"Shemeji, alinishika mguu kule porini. Aliniomba sawa vile mutu anaomba maji. Mwaka wa kwanza nilinyamaza juu yake. Kisha nilinyamaza juu yangu, sababu ya woga. Nikisema, munanifukuza, wewe na mutoto. Sikukuwa na watu wengine."

Nilijua anasema kweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko uongo wake. Nilimwambia asikanyage tena kwangu wala hangarini. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa akingoja hukumu hiyo tangu zamani na kuona imechelewa.

15 Novemba, Jumamosi

Watu ishirini na redio zao. Hakuna fundi. Yule binti aliyemtengenezea baba yake redio alikaa kwenye meza ya Soudi, akaanza kufungua moja. Ilipofika mchana ilikuwa inalia. Nilikwenda nje.

22 Novemba

Paa linavuja juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda.

29 Novemba

Linavuja na huko.

9 Desemba

Leo mwanamke nisiyemjua aligonga. Matope mpaka magotini, mzigo mdogo kichwani, midomo imepauka kwa safari. Nilidhani ni mgonjwa anayemtafuta Bibiche.

"Wewe njo Mama Elisabeth?" akauliza. "Mimi naitwa Sikuli. Natoka Kama."

Akapiga magoti pale mlangoni, mwanamke aliyezaa watoto wanne, karibu sawa na umri wangu. "Yaya," akaniita, kama anavyoitwa dada mkubwa, "sikujua. Walimwengu waliniambia kama kuko mama alikuja, alilia mu matope. Nilimuuliza, akaniambia yote kwa mara moja. Miaka yote nililala na mutu, sikujua jina yake."

Sikuwahi kufikiri kwamba yuko mwingine duniani aliyedanganywa kama mimi. Nilimwinua. Nilimpashia maji ya kuoga, nikampa kitenge changu. Bibiche aliporudi kazini alimkuta Sikuli akila bukari, ugali wetu, katika sahani yetu. Alitazama, akaelewa, akashindwa kuvua mkoba begani.

Tulikaa watatu. Sikuli ndiye aliyesema zaidi. Alisema ni baba mwema kwa watoto wake, hanywi, hapigi. Ila usiku analia. Tangu ndoa yao, hakuna wiki iliyopita bila yeye kuamka akipiga kelele, jasho linamtoka.

"Anaita jina," Sikuli akasema. "Jina moja tu. Eliza, Eliza. Nilikuwa najua aliona vita, hakunieleza vizuri. Mimi, miaka yote, nilifikiri Eliza ni mutu aliua."

Bibiche aliweka mkono mdomoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, na hakuna mmoja wetu aliyesikia maji yakidondoka ndani.

"Sasa, yaya, nimurudishe?" Sikuli akauliza. "Ni wako wa kwanza. Ukisema, nitamurudisha. Nimekuja kusikia neno yako."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kazi, kama yangu. Alikuwa ametembea kuniletea mume wake.

"Hapana," nikasema. "Ni bwana yako. Watoto wako wabaki na baba. Lakini umuambie Eliza hakufa. Umuambie alikuja mwenyewe kumuona, na anakula, na anashona."

Ndipo Bibiche akalia. Alilia kama mtoto mchanga, mdomo wazi, na Sikuli ndiye aliyekuwa karibu, akamshika.

10 Desemba

Bibiche ameomba likizo. Amepanda lori la Mama Kavuo pamoja na Sikuli. Hakuniomba ruhusa, nami sikumzuia.

14 Desemba

Nimepita mbele ya nyumba ya Soudi. Alikuwa nje. Nilisema, "Paa linavuja." Nikaendelea na njia.

15 Desemba

Nimesikia nyundo juu ya kichwa changu asubuhi. Sikutoka. Nilipika chai, nikaiweka nje, nikafunga mlango.

20 Desemba, Jumamosi

Hangari ilikuwa imejaa kwa ajili ya Noeli. Nilikuwa na kola ya shati chini ya sindano niliposikia kelele zinakatika, moja baada ya nyingine, kama mtu anazima taa. Nikainua macho.

Bibiche alisimama mlangoni, amemshika mkono mzee mwenye nywele nyeupe, yeye upande wa kulia. Mama mmoja wa zamani wa mtaa wetu, aliyelia kilio cha Donatien, alitupa sufuria na kukimbilia mlango wa nyuma akiita Yesu. Wengine walirudi ukutani. Kizito akavuta kiti.

Bibiche aliwaambia, "Huyu ni papa yangu. Hakufa. Ana maneno ya kusema."

Na Donatien akayasema, mbele ya wote, nyumba, moto, watu waliokuwa ndani. Wengine walitoka nje. Mmoja alitema mate chini na kuondoka na baiskeli yake bila tairi. Wengi walibaki. Soudi alikuwa amesimama nje kwenye mvua, sijui tangu saa ngapi, hakuna aliyemwita aingie. Alipomaliza, Donatien alimwomba Bibiche amsindikize kesho kwenye kijiji cha nyumba ile iliyochomwa, kama bado kuna wenye kijiji. Bibiche akasema watakwenda barabara ikikauka. Akamwita papa alipokuwa anasema hivyo, kwa sauti ndogo, kama anaonja.

Mimi nilishona kola ile. Nilipoiangalia nilikuwa nimeishona ndani nje.

21 Desemba, Jumapili

Donatien amelala kwa Soudi. Asubuhi, nikitoka kanisani, Soudi alinisimamisha barabarani. Tulikuwa hatujazungumza ana kwa ana tangu siku ile nilipomfukuza, ila lile neno la paa.

"Shemeji," akasema, "nilikaa macho nikimungojea apige kelele, sawa vile Bibiche alisema. Amelala mupaka jua likatoka. Bado analala."

Nilitaka kumwambia hilo halinihusu tena. Badala yake nilihisi kitu kinapanda kifuani, cha moto, nikadhani ni hasira, maana hasira nimeizoea miezi hii. Ilikuwa furaha. Nilisimama katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi, nikishangaa kwamba baada ya yote haya bado nafurahi mtu yule akipata usingizi.

"Musimuamushe," nikasema.